Nafasi ya Sadalla

Mwaka 1936 Sabalkheri ilishushwa daraja, na mtaa wetu mzima wa Mchafukoge ukajua pa kutupa lawama: mikononi mwa Sadalla, golikipa wetu. Mpira wa mwisho ulimteleza kifuani ukaingia golini polepole, sote tukiutazama. Mimi nilikuwa katibu wa chama. Nilirudi dukani kwa baba yangu nikafunga mlango mchana kweupe nisionwe na wateja. Watu husema mpira ni mchezo tu. Waseme. Mimi niliona aibu mpaka chakula hakikupita kooni.

Wazee wa chama wakanipa kazi ya kuunda kikosi upya ili mwaka unaofuata turudi juu. Kwao lilikuwa jambo la kutamka tu, kisha wakaagiza kahawa. Kikwazo kilikuwa kitabu cha majina.

Sabalkheri haikuanzishwa kwa ajili ya mpira peke yake. Waanzilishi walikuwa wageni wa mji, watu wasio na ndugu wa kuwazika, wakakubaliana hivi: anayeichezea Sabalkheri ataandikwa kitabuni, na aliyeandikwa akifa, wachezaji wenzake watamchimbia kaburi kwa mikono yao na kumbeba mpaka makaburini. Majina yalikuwa ishirini na mawili, vikosi viwili, wala hayakuongezwa, maana waliogopa kuahidi wasichokiweza. Ukitaka kumwingiza mtu, sharti mwingine atoke. Kabla yangu hakuna aliyefutwa ila kwa kufa au kuhama mji.

Mimi nilifuta sita walio hai.

Golikipa mpya nilimpata Kariakoo, kwenye duka la jumla la Wachaga. Kijana mrefu aitwaye Kasmir alikuwa amesimama chini ya lori akidaka kabichi zilizorushwa kutoka juu, na kwa muda wote niliomtazama hakuangusha hata moja. Nikamweleza shida yangu. Akaifikiria huku akijifuta vumbi.

"Nikifa mtanizika vipi, bwana Salem?" akauliza. "Mimi Mkatoliki."

"Tutakubeba mpaka mlangoni kwa padri. Kaburi tutachimba sisi, sala atasoma yeye."

"Kwetu mbali sana. Nikifia huku, hata mama hatajua. Basi niandike."

Sadalla alipata habari siku hiyo hiyo. Alikuwa hamali wa bandarini, ametoka Pangani miaka mingi nyuma, na hapa mjini hakuwa na mtu ila mkewe, Mauza. Kikohozi kilikuwa kimemwanza tangu masika. Alikuja dukani, akakataa kukaa.

"Golini nitoe, Salem. Haki yako, mikono yangu imechoka. Lakini usinitoe kitabuni. Nani atanibeba mimi?"

"Nafasi ni moja tu, ndugu yangu. Tukipanda daraja nitalizungumza na wazee."

Nilijua siwezi kuahidi, nikaahidi. Alipotoka nilipiga mstari juu ya jina lake, nikaandika la Kasmir pembeni.

Nilidhani atanichukia. Badala yake akawa anakuja mazoezini Mnazi Mmoja kila jioni, anasimama nyuma ya goli na kumfundisha Kasmir: usifuate miguu ya mtu, fuata mpira. Alikohoa, akatema, akaendelea. Kasmir akamwita mwalimu. Mimi nilijua Sadalla alitaka nini kwa bidii ile, na kila nilipomwona nilijifanya nina shughuli upande wa pili wa uwanja.

Kikosi kikashika. Tulishinda mechi baada ya mechi, mpaka ikabaki moja, na sare tu ingetutosha kupanda.

Asubuhi ya mechi hiyo, siku ya Jumamosi, alikuja bi Amna, jirani yake Sadalla.

"Shikamoo, bi Amna."

"Marahaba. Sadalla amefariki alfajiri. Mauza anauliza kama chama kitamzika."

Nilikaa juu ya gunia la mchele. Moyo uliniuma, sitasema uongo. Ila jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa mikono ya wachezaji wangu ikishika majembe tangu asubuhi, halafu migongo imekauka, halafu saa kumi waingie uwanjani.

"Mwambie jina la mumewe halimo tena kitabuni," nikasema. "Kanuni ni kanuni. Mimi mwenyewe nitafika baada ya mpira."

"Watamzika baada ya alasiri. Maiti akungoje wewe?"

Alipoondoka, sikuwaambia wachezaji lolote.

Mechi ilikuwa ngumu, bila kwa bila, na watu walijaa pande zote. Zilipobaki dakika kama kumi, jeneza likatokea upande wa Kariakoo, likikata pembeni mwa uwanja kuelekea makaburi ya Kisutu. Siku nyingine wapita njia wangepokezana, kila mtu hatua chache, ndiyo desturi. Siku hiyo kila mtu alikuwa ameupa mgongo msiba, anatazama mpira. Waliobeba walikuwa sita tu: Hamud, kapteni wetu wa zamani, na wengine niliowafuta, pamoja na shehe mmoja mzee anayechechemea.

Kasmir aliwaona. Akawatambua wale wa zamani, akahesabu nani hayupo, akajua aliyebebwa ni mwalimu wake. Akatoka golini. Hakukimbia, alitembea tu akapita katikati ya watazamaji, akaingiza bega chini ya jeneza.

Mimi ndiye niliyekimbia. Nilimfikia karibu na barabara nikamshika shati.

"Rudi golini, Kasmir. Dakika kumi tu zimebaki."

Aliendelea kutembea. "Uliniandika mahali pa nani, bwana Salem?"

Niliona jinsi Hamud anavyohema, na jinsi jeneza linavyoinama upande wa yule shehe. Nikanyoosha mkono nishike. Hamud akauondoa mkono wangu, bila hasira.

"Rudi kwenye mpira wako, katibu. Hapa tunatosha."

Hawakutosha. Walikuwa saba, jua kali, na Kisutu bado. Nilipaswa kubaki pale nimwombe Hamud, nimshike miguu, nimlilie Sadalla mbele za watu. Nyuma yangu uwanja ukalipuka kwa kelele. Na Mungu anisamehe, nikageuka kutazama nani amefunga.