Mbwa Asiye na Rafiki

Kaingu hakuianza kazi ile kwa kupenda mbwa. Aliianza kwa sababu ilikuwapo, kama wenzake walivyobeba makaa ya mawe Kilindini kwa sababu yalikuwapo. Watu wa Majengo walimwita Kaingu Mbwa, na wasichana wa jirani walishika pua akipita, naye akawacheka. Vita vilikuwa vimepamba moto huko mbali. Wazungu kadhaa wa Mombasa walikuwa wamefunga nyumba zao kwa haraka na kuondoka, mbwa wao wakawaachia barabara. Kisha ukazuka uvumi wa kichaa cha mbwa. Wakubwa wa mji wakajenga banda la mabati na seng'enge upande wa Makupa, wakatoa amri kwamba mbwa yeyote asitoke kisiwani, si kwa Makupa wala kwa Feri, na kwamba aliyekamatwa akakosa wa kumchukua hadi Ijumaa apigwe risasi. Kaingu aliajiriwa kuwalisha na kuwaogesha hao wa kupigwa risasi. Ukiona ni upuuzi, hujakosea, lakini amri haikungoja maoni yako wala yangu.

Huko ndiko alikoletewa yule mbwa jike mwekundu. Walimtoa chini ya mabehewa mabovu, shingoni ana kamba iliyokwisha kuingia nyamani, na alimuuma kila aliyemgusa. Askari wa banda walimwita shetani. Kaingu alimwangalia siku chache akaona hana ushetani wowote, ana woga tu, woga uliomjaa mpaka hauna pa kutokea ila menoni. Ukimwendea umesimama wima, alijikunyata. Ukimtazama machoni, alianza kutetemeka. Ukiinua mkono juu, hata kama wajikuna kichwa, hapo alikurukia. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa amemfundisha kwamba mkono ukipanda utashuka.

Basi Kaingu akawa haendi tena kwa miguu miwili. Aliingia kwa kuchutama, akarudi kinyumenyume, akamwekea sahani ya ugali na vichwa vya samaki nyuma yake, akaketi amempa mgongo huku akisema, tulia, tulia, kwa sauti ile ile anayombembelezea mwanawe. Jina likamganda hapo hapo, akawa Tulia. Asubuhi moja alihisi kitu chenye joto kimemlalia begani, akajua ni kidevu cha mbwa. Aliketi vile vile mpaka miguu ikafa ganzi. Tangu siku hiyo alimpenda, na sioni sababu ya kulizungushia maneno jambo hili. Alimpenda kama watu wanavyopenda, kwa kumwaza akiwa kazini na kumwaza akiwa nyumbani.

Ijumaa ya kwanza Kaingu alimwomba Mzungu wa afya, mkubwa wa banda, amwachie mbwa huyu. Mzungu akaguna, akakubali, akakubali tena Ijumaa iliyofuata, kisha akasema sasa basi. Asipopata kwao kabla ya Ijumaa ijayo, atakwenda na wenzake ukutani.

Kaingu akaanza nyumbani kwake. Alikuwa amepanga chumba kimoja kwa Bi Mwanakuu, na Bi Mwanakuu alisema mbwa akiingia mlango wa mbele, wapangaji watatoka wa nyuma. Mkewe, Kache, hakungoja hata kumsikia Bi Mwanakuu. Alimwonyesha mtoto wao Mung'aro aliyekuwa akitambaa sakafuni, akiinua mikono kila alipotaka kubebwa. Kaingu akaiona mwenyewe ile mikono ikipanda, akaenda kutafuta mlango mwingine. Kwao, upande wa Rabai, wangempokea mbwa bila maneno mengi, lakini Rabai iko ng'ambo ya Makupa na amri ilikuwa amri.

Akamtembeza Mji wa Kale. Huko mlango baada ya mlango alijibiwa kwa adabu, akaulizwa hali, akaombewa dua, na akanyimwa. Mmoja tu alilegea, naye ni Bi Mwanaesha wa Kibokoni, mjane aliyekuwa akiibiwa kuku uani. Alisema mbwa wa kulinda si haramu madhali haingii ndani anamoswali. Kaingu akamweleza yote, asimkodolee macho, asimpigie kelele, na zaidi ya yote asiinue mkono. Bi Mwanaesha akasema amefahamu. Wakasimama uani, mambo yakawa mazuri, mpaka shemeji yake akabisha mlangoni. Bi Mwanaesha, kama mwanamke yeyote wa mtaa ule asikiapo sauti ya mwanamume, akainua mkono kuvuta buibui lifunike kichwa.

Tulia alilirarua lile buibui kuanzia kwapani hadi kiunoni. Bi Mwanaesha hakuumia, ila mate ya mbwa yalimpata mkononi, na mtaa mzima ukajaa mlangoni kumtazama akijitwaharisha mara saba, moja kwa mchanga, huku analia kwa aibu. Mwishowe alimgeukia Kaingu, akamwambia bila hasira kwamba mbwa huyu hafai kwa mtu, wa kumfaa ni yule wa kumuua tu. Kaingu akaomba radhi, akaondoka na mbwa wake. Njia nzima Tulia alitembea amembana mguuni, ungedhani ni yeye aliyevamiwa.

Jumatano, zimebaki siku mbili, akaja bandani Taib bin Kamaludin. Alikuwa na nyumba Mji wa Kale na bohari Shimanzi, na katika bohari mlikuwa na mbata, zile nazi zilizokaushwa, na magunia ya sukari, na sukari siku zile watu waliiota usingizini. Alitaka mbwa. Alipita mbele ya seng'enge ameshika upindo wa kanzu, na mbwa wapole wote wakamkimbilia, wakatikisa mikia, wakalamba seng'enge. Hakuwatupia hata jicho. Alipofika kwa Tulia akasimama wima, akanyoosha mwavuli kumwonyesha, na Tulia akajitupa kwenye seng'enge hadi mabati yakalia. Taib akatabasamu, akasema huyu mkali.

Kaingu alijua si ukali. Angelisema hivyo, Taib angekwenda zake. Akasema, mkali Bwana Taib, mkali hasa. Jioni ile alirudi nyumbani ana furaha kupita kiasi, akamrusha Mung'aro juu na kumdaka, akamwambia Kache kwamba Tulia amepata kwao, atakula nyama, atakuwa na kivuli na kazi. Kache akasema labda sasa na yeye atapata mume asiyenuka. Wakacheka sana.

Alhamisi baada ya sala ya alasiri Kaingu alimpeleka Shimanzi kwa kamba. Malori ya jeshi yalipita yakinguruma, na kila moja lilipopita Tulia alijificha nyuma ya magoti yake, kisha akatoka, akaendelea. Uani mwa bohari palikuwa na nguzo ya chuma na mnyororo mfupi. Kivulini wamejipanga hamali wa Taib, kila mmoja ameshika fimbo. Kaingu alifikiri wanangoja mzigo. Akamfunga Tulia kwenye mnyororo kama alivyoelekezwa, akamwambia atulie, naye akatulia.

Ndipo Taib akamweleza ada ya bohari ile. Alieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda msikitini.

"Mbwa wangu wa kwanza alikuwa mkali vile vile," alisema. "Yule aloniuzia akaja usiku na kipande cha nyama, mbwa akamlamba mikono, na sukari yangu ikatoka mlangoni. Tangu siku hiyo mbwa wa hapa hana rafiki ila Faraj. Kila mtu ajuaye njia ya kuingia humu ampiga, ili asimzoee hata mmoja. Faraj peke yake hampigi. Faraj yuwamlisha."

Faraj alikuwa mlinzi wa bohari, mtu mzima, mpole, mwenye chogo la mvi. Wakati huo alikuwa ameketi nyuma ya ukuta na bakuli la maini, amejificha makusudi mbwa asimwone kabla ya wakati wake. Alikuwa ameziba masikio kwa vidole. Si mara yake ya kwanza.

Hamali wakaanza. Walipita mmoja mmoja, na kila mmoja aliinua mkono juu. Wengine walipiga bila moyo, wakaenda zao wametazama chini. Wengine walipiga kama watu waliopata, kwa mara ya kwanza maishani, mtu wa chini yao. Tulia alirukia kila fimbo na mnyororo ukamrudisha, akarukia, ukamrudisha, mpaka povu la mdomoni likageuka jekundu. Kaingu alisimama pembeni, meno yameumana. Alijiambia ni leo tu, na yaliyo ya leo huisha leo. Hamali wa mwisho alipomaliza, Kaingu akavuta pumzi.

"Sasa wewe," alisema Taib.

Kaingu akamsihi. Akaapa kwamba hatakanyaga tena Shimanzi, kwamba atapita njia nyingine maisha yake yote, kwamba hana haja na sukari ya mtu. Taib alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akasema yule mwizi naye alikuwa muungwana mno. Kaingu akasema basi hawezi. Taib akasema hakuna ubaya, amfungue tu mbwa wake arudi naye Makupa. Kesho ilikuwa Ijumaa.

"Wataka aishi, ama wataka akupende?" aliuliza. "Hapa huvipati vyote viwili."

Kaingu akaokota fimbo. Pigo la kwanza lilikuwa la kuzuga, liliangukia paja, jepesi. Tulia hakumrukia. Alimtazama, akatikisa ncha ya mkia, akajisogeza kadiri mnyororo ulivyomruhusu, akajilaza juu ya miguu yake. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na pale alipolala ndipo alipojua pana usalama. Hamali mmoja akacheka. Taib akasema huyo bado ana rafiki.

Akapiga tena, safari hii kweli. Tulia akalia, na kwa kuwa alizoea kumkimbilia Kaingu alipoogopa, akamkimbilia Kaingu. Akaingiza kichwa kati ya magoti yake. Kadiri alivyopigwa ndivyo alivyozidi kujisukuma hapo, na kadiri alivyojisukuma ndivyo Kaingu alivyolazimika kupiga. Mtu mwingine angeweza kupiga hadi magharibi na asipate kitu. Lakini Kaingu alimjua mbwa huyu. Alijua kila alichokiogopa, na alikijua kwa sababu wiki zote zile alikuwa akikiepuka.

Basi akarudi nyuma, akasimama wima. Akavua kofia ili uso wake uonekane vizuri. Akamkodolea macho bila kupepesa. Akamwendea kwa mbele, kwa hatua nzito kama za buti, akapiga kelele sauti ambayo Tulia hajawahi kuisikia kutoka kwake, akainua mkono juu kabisa na kuuacha hewani, usishuke, kwa muda mrefu kuliko alivyoweza mbwa kuvumilia. Kisha ukashuka.

Tulia alimzamisha meno mkononi, chini ya kidole gumba, hadi mfupani. Alipomwachia hakulia tena. Alirudi hadi nguzoni, akaegemeza mgongo, akamngurumia Kaingu peke yake, macho yamemtoka, kana kwamba wale wengine wote hawapo.

"Naam," alisema Taib. "Sasa amepata kwao."

Faraj akatoka nyuma ya ukuta akichutama, kinyumenyume, bakuli mkononi. Kaingu alishangaa kuona yule mzee naye anajua. Tulia alichukua muda, lakini alikula. Taib akamtupia Kaingu kitambaa safi, akamshukuru, akamwombea kheri kwa watoto, akaenda kuangalia mbata yake.

Mbwa aliyeuma mtu alikuwa wa kuuawa, hiyo nayo ilikuwa amri, kwa hiyo Kaingu alimwambia Mzungu wa afya kwamba amekatwa na bati. Nyumbani Kache alimsafisha jeraha kwa maji ya chumvi, akamuuliza habari za Tulia. Kaingu akajibu kwamba amepata mahali pazuri, yupo na mzee mmoja mwema. Kache akasema Mungu ni mkubwa, Baba Mung'aro, umefanya jambo la thawabu. Kaingu akasema ni kweli, akalala uso umeelekea ukutani.

Jeraha lilikuwa halijafunga vizuri Faraj alipokuja Makupa, na hakuja kwa mapenzi yake. Alitumwa na Taib. Gharib wa bohari ya ngozi na Jamaldin wa mchele walikuwa wamemwona yule mbwa mwekundu, wakamsifu sana, kila mmoja akitaka wake. Na hawakutaka mbwa hivi hivi, Faraj alisema akitazama chini, walitaka mbwa aliyetengenezwa na Kaingu. Taib alikuwa akimwambia kila mtu kwamba ametafuta miaka mingi na hajapata mwenye mkono kama ule.

Faraj alipoondoka, Kaingu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akawatazama waliobaki. Wote walikuwa wapole. Wapole hawakutakiwa na mtu, kila Ijumaa walikwenda ukutani mmoja baada ya mwingine wakitikisa mikia, na hakuna aliyewahi kuwaombea siku ya ziada. Sasa palikuwa na watu wawili waliosimama tayari kuwachukua. Watalishwa. Wataishi. Alifikiri juu ya hilo jioni nzima, akatafuta mahali lilipokosea, asipaone.

Alhamisi alichonga fimbo. Akachagua mbwa mdogo wa madoadoa, aliyekuwa na mazoea ya kulala chali kila mtu apitapo ili akunwe tumbo, akaingia kwake akafunga mlango wa seng'enge. Hakuchutama. Alisimama wima, akavua kofia, akamkazia macho, akainua mkono. Mbwa akainuka, akaja mbio kumlaki.