Kibao cha Barabara ya Kinyinya

Barabara ya Kinyinya ilikuwa na kila kitu isipokuwa daraja. Ilitoka mjini Kigali pana na safi, imeshindiliwa udongo mwekundu, ina mitaro pande zote mbili, ikateremka mpaka bondeni kwenye kijito, ikaishia hapo. Ng'ambo ya kijito ilianza tena, pana vilevile, ikapanda mlima wa Kinyinya bila aibu yoyote. Fedha za barabara zilikuwa za mwaka wa tisini, za daraja zilikuwa za mwaka wa tisini na moja, na mwaka huo ulipofika vita vilikuwa kaskazini na hakuna mkubwa aliyetaka kusikia habari za madaraja.

Kitu kimoja tu kilikamilika kwa wakati, nacho ni kibao cha mradi. Mafundi wa Nyakabanda, mtaa wa Kigali, walikitengeneza kwa mbao za mvule na fremu ya chuma, urefu mita sita kwenda juu, upana mita mbili, kikafungwa kwa bolti juu ya nguzo mbili fupi nene, ukingoni kabisa mwa kijito. Kiliandikwa jina la mradi, jina la mfadhili, na maneno makubwa ya bluu: BARABARA INAUNGANISHA WATU. Wakubwa walikuja, wakapiga picha mbele yake, wakarudi mjini kwa njia ileile, maana nyingine haikuwapo.

Léonce hakuwa kwenye picha. Yeye alikuwa karani wa tathmini, mtu wa miaka hamsini na minne, mjane, mkazi wa Nyakabanda, mwenye penseli mbili mfukoni na imani kubwa juu ya fomu. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye barabara zilizokwisha kujengwa na kuuliza kama zilistahili kujengwa. Aliipenda. Lakini barabara hii ilimnyima usingizi, kwa sababu mtoto wake wa pekee, Umutoni, aliolewa ng'ambo ya kijito na alikuwa akifundisha shule ya msingi ya hukohuko Kinyinya.

Aprili ya mwaka uliopita Umutoni alishikwa na uchungu wa kuzaa mvua ikinyesha. Wanaume wa mlimani walimweka kwenye ingobyi, ile machela ya kusukwa ambayo watu wanne hubeba mabegani, wakakimbia naye mpaka kijitoni. Maji yalikuwa yamejaa. Walisimama wakingoja yapungue tangu asubuhi hadi alasiri, na yalipopungua mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Sasa ilikuwa Januari ya tisini na mbili, na Umutoni alikuwa mjamzito tena. Angejifungua Aprili. Léonce alihesabu miezi kwa vidole, akaihesabu tena, na kila mara akafika kwenye mvua.

Kwa hiyo mkuu wake, Niyonzima, alipomwita ofisini na kumwambia kwamba mfadhili anataka tathmini ya Kinyinya, Léonce nusura amkumbatie.

"Sikiliza, Léonce," Niyonzima alisema akigonga meza kwa kalamu. "Pont, hiyo daraja, iko inaombwa na kila mutu. Lakini règlement ni règlement. Kama watu mia tatu wanavuka kwa siku moja, barabara inatumika, sisi tunaomba pont. Kama hawafiki, barabara haitumiki, na pont ya barabara isiyotumika ni ya nini?"

"Lakini chef, barabara haitumiki kwa sababu haina daraja."

"Hiyo andika kwa observations," Niyonzima alisema, akionyesha mstari wa maoni chini ya fomu.

Léonce akaenda na meza ndogo, kiti na fomu, akakaa chini ya kibao upande wa mjini. Kanuni ilikuwa wazi: kila kichwa kinachovuka kihesabiwe, kila mara kinapovuka. Siku ya kwanza walivuka watu sitini na mmoja, suruali zimekunjwa, viatu mkononi, maji magotini. Likaja pia gari moja. Lilifika kijitoni, dereva akashuka, akatazama maji, akatazama kibao, akageuza. Fomu haikuwa na mahali pa gari kama hilo. Baada ya kufikiri sana Léonce aliliandika nusu.

Jioni alikunja fomu moyo umekufa ganzi. Hakujua kwamba huko juu mlimani habari zake zilikuwa zimeenea. Mtu mzima, mwenye mvi, amekaa peke yake kutwa nzima kando ya maji, na hakuna aliyemsalimu! Mutabazi, aliyekuwa kiongozi wa chama cha ingobyi na mtu asiyependa mlima wake usemwe vibaya, alikasirika kweli. Asubuhi ya siku ya pili alivuka na watu wanane na kibuyu cha togwa ya mtama.

"Muzehe, tusamehe," alisema. "Tulisikia iko mugeni hapa, baba ya mwalimu wetu, na sisi tulikuacha tu kama mutu hana ndugu."

Léonce akawashukuru, akanywa, akaandika tisa. Lakini Rwanda mgeni haachwi kuondoka peke yake, lazima asindikizwe, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika au kutengenea, kutegemea unasimama upande gani wa meza. Mutabazi alipoaga, Léonce, mtu mwenye adabu zake, alinyanyuka akamsindikiza mpaka ng'ambo. Huko akakuta watu kumi na watano wamekuja kumpokea Mutabazi. Nao hawakuweza kumwacha mzee mzima arudi mezani peke yake. Wakavuka naye wote. Wanawake waliokuwa njiani kwenda sokoni Kimironko wakasimama kusalimia, wakarudi kuwaita dada zao. Waliosindikiza wakasindikizwa. Kufikia saa tisa alasiri maji yalikuwa yamechafuka kama chai ya maziwa, na Léonce, akiwa amelowa mpaka kiunoni, alikuwa akiandika huku anatembea. Alijiuliza kama yeye mwenyewe ahesabiwe. Kanuni ilisema kila kichwa. Akajihesabu.

Umutoni naye alivuka alasiri hiyo, ameshika sketi juu ya magoti, tumbo limetangulia.

"Papa, umeniandika?"

"Nimekuandika."

"Mumoja ama wawili?"

Léonce alitazama fomu. "Mmoja. Fomu inataka vichwa vinavyoonekana."

Umutoni alicheka, lakini mkono wake ulibaki juu ya tumbo, na Léonce akaona kwamba anaogopa. Naye aliogopa. Akainama akajifanya kuchonga penseli.

Siku ya tatu walivuka mara mia nne na kumi na mbili. Léonce alirudi mjini akiwa na mafua na furaha ya ajabu. Aliandika ripoti kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, akaipeleka mwenyewe, akasimama mlangoni akisubiri.

Niyonzima alisoma polepole. "Gari nusu ni nini?"

"Lilikuja, chef, halikuvuka."

"Sawa." Akageuza ukurasa. Macho yakamtoka. "Mia nne na kumi na mbili? Bila pont?"

"Bila daraja, chef."

"Félicitations!" Niyonzima akanyanyuka akampa mkono wa pongezi. "Hii ndiyo barabara nzuri kupita zote. Watu mia nne wanavuka, pont haiko, na hakuna mutu anakosa kupita. Sasa pont ya nini? Tutaiweka kwa mfano kwa wafadhili."

Léonce alitoka ofisini akirudia hesabu hiyo. Wakiwa wachache, daraja halistahili. Wakiwa wengi, daraja halihitajiki. Alijaribu kutafuta katikati ya hayo mawili idadi ambayo ingempa daraja, akatafuta njia nzima mpaka Nyakabanda, akala chakula cha jioni akitafuta. Haikuwapo. Alimkasirikia Niyonzima, akaikasirikia fomu, na mwishowe akajikasirikia mwenyewe, maana fomu ile aliibuni yeye.

Machi ikaisha, mvua zikaanza. Léonce hakuwa na nguvu ya kuleta daraja, lakini baada ya miaka ishirini ofisini alijua jambo moja: fedha za kujenga huisha, za kutathmini haziishi. Akaomba kufanya tathmini ya msimu wa masika, pamoja na gari la ofisi na dereva, wiki tatu. Niyonzima alitia mhuri bila kusoma. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba mwezi wa Aprili gari la serikali lilisimama kila siku kando ya kijito, tangi limejaa, dereva wake Armel amelala, na mbele yake mzee mmoja chini ya mwavuli akiandika sifuri. Hakuna aliyevuka. Maji yalifika kifuani.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, Léonce alisikia sauti za wanaume zikishuka mlima kwa kuitikiana, kama wanavyofanya wanapobeba. Akasimama. Aliiona ingobyi kabla hajaona nyuso. Mbele alikuwa Mutabazi, na aliyeshika mpini nyuma, amekwajuka, alikuwa Aimable, mume wa Umutoni. Walifika ukingoni, wakasimama palepale waliposimama mwaka uliopita.

"Muzehe!" Mutabazi alipaza sauti. "Maji iko mingi! Tutangoja!"

"Hapana!" Léonce alipiga kelele, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtu mwingine. "Msingoje! Safari hii msingoje!"

Akageuka huku na huku kutafuta chochote, gogo, kamba, kitu. Kulikuwa na meza. Kulikuwa na mwavuli. Na juu yao kulikuwa na mita sita za mvule na chuma, zimesimama pale mwaka mzima zikieleza kwamba barabara inaunganisha watu.

"Armel! Una spana?"

"Iko, lakini Papa Léonce, hiyo ni ya serikali!"

"Hata mimi ni wa serikali. Leta!"

Mafundi wa Nyakabanda walikuwa wamekaza bolti zao kwa uaminifu, na Léonce aliwalaani mmoja mmoja, wengine kwa majina, maana walikuwa majirani. Mutabazi na mwenzake walijitosa, wakavuka maji yakiwafika kidevuni, wakaja kusaidia. Bolti ya mwisho ilipotoka, kibao kiliinama, kikaanguka kwa kishindo kimelalia kijito chote, maandishi juu, ncha yake ikiuma udongo wa ng'ambo. Kilibakiza nusu mita upande huu na nusu mita upande ule. Hata mhandisi asingepima vizuri zaidi, na kwa kweli hakuna mhandisi aliyepima.

Ingobyi ikavuka. Wabebaji walikanyaga jina la mfadhili, wakakanyaga jina la mradi, wakapita juu ya herufi za bluu kwa miguu ya matope. Umutoni alikuwa ameng'ata kitenge, macho kafumba. Armel aliliwasha gari kabla mlango haujafungwa. Saa saba mchana, katika kituo cha afya, mtoto wa kike alilia, na babu yake aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje alilia kwa sauti kubwa zaidi, bila kuona haya.

Mwezi Juni mfadhili alituma fomu yake. Swali la kwanza liliuliza: je, kibao cha mradi kipo, na kinaonekana na wapitao? Niyonzima alikuwa amekwisha kusikia fununu. Alikuja Kinyinya mwenyewe, viatu vinang'aa, barua ya kumwachisha Léonce kazi iko tayari mfukoni.

"Mradi bila kibao hauko!" alimfokea Léonce, aliyekuwa na meza yake ukingoni. "Unaelewa? Barabara inaweza kukosa pont, lakini haiwezi kukosa kibao!"

Kisha akakiona. Mwanamke mwenye kikapu cha viazi alikuwa juu yake, nyuma yake mbuzi. Kabla Niyonzima hajafoka tena, wenyeji walikuwa wamemwona. Mutabazi na watu ishirini walimzunguka wakimsalimu kwa mikono miwili, wakamkokota kwa heshima zote kuvuka, kwani mkubwa hawezi kufika mpaka mlangoni asiingie. Huko alipewa kiti na togwa. Alikunywa kwa hasira, akafuta mdomo, akachomoa barua, akasimama mbele ya wote.

"Kibao kirudi kwa nguzo! Leo! Sasa hivi!"

"Ndiyo, chef," Mutabazi alisema kwa upole. "Tukitoe sasa hivi, ama wewe uvuke kwanza?"

Niyonzima alitazama kijito, akatazama viatu vyake, akatazama gari lake lililokuwa upande wa pili. Mkono ulioshika barua ulirudi mfukoni na kutoka mtupu.

"Léonce," alisema baadaye, alipokwisha kusindikizwa hadi upande wa mjini na watu thelathini na wawili. "Hiyo question ya kwanza, utaandika nini?"

Léonce alikaa mezani, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Kibao kipo. Kila apitaye anakiona, maana asipokitazama atatumbukia."

Niyonzima alipumua, akatia mhuri, safari hii baada ya kusoma.

Umutoni alikuwa akiteremka mlima kwenda mjini, mtoto mgongoni amefungwa kwa kitenge kilekile. Alipita juu ya herufi za bluu bila haraka, akasimama mbele ya meza.

"Papa, leo uko unahesabu?"

"Ninahesabu."

"Basi andika vizuri," alisema, akageuza mgongo ili kichwa kidogo kionekane.

Léonce aliandika wawili. Penseli ilikatika, akachukua ile nyingine, akaikoleza namba hiyo.