Mabano Katika Kifungu cha Tisa

Kwa miaka kumi na mmoja, Shangazi na Bwana Mabano walikutana katika kila mkutano wa tabianchi, na kila mara waliachana wamenuniana. Shangazi aliongoza ujumbe wa visiwa vidogo. Vijana wake ndio waliomwita hivyo, na wapinzani nao wakazoea. Bwana Mabano alizisemea nchi tajiri zinazouza mafuta. Jina alilipata kwa sababu neno lolote asilolipenda kwenye rasimu aliomba litiwe kwenye mabano, yaani halijakubaliwa, na likishaingia humo halitoki.

Safari hii walishikana mashati kwenye kifungu cha tisa, kuhusu mfuko wa kuzifidia nchi zinazoliwa na bahari. Shangazi alitaka kiseme nchi tajiri "zitachangia." Bwana Mabano alitaka "zinaweza kuchangia."

"Zinaweza!" Shangazi alisema kwenye kipaza sauti. "Hata mimi naweza kuwa mwanasarakasi, mheshimiwa. Ila mmeniona nikining'inia?"

Ukumbi ukacheka, isipokuwa Bwana Mabano. Mwenyekiti akaahirisha kikao hadi saa nane mchana.

Kwenye mgahawa wa chini, binti yake Shangazi, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za ujumbe, alimjia na kijana mrefu.

"Mama, huyu ndiye niliyekwambia."

"Uliniambia ni mhandisi."

"Ni mhandisi. Na baba yake ni Bwana Mabano."

Kijiko kilimponyoka Shangazi. Hapo hapo Bwana Mabano akatokea na sahani yake. Mwanawe alikuwa amemwita bila kumwambia kuna nini. Alipoambiwa, alisimama kama aliyepigwa shoti. Shangazi alimtazama, akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na ule uso mgumu wa Bwana Mabano ukalegea, naye akaangua kicheko.

"Kaa basi, mzazi mwenzangu," Shangazi akasema. "Chakula kinapoa."

Akakaa. Akauliza harusi itafanyika wapi.

"Kwa bibi, kisiwani," binti akajibu. "Ila tutaangalia kwanza siku za maji makubwa, baba. Bahari ikijaa inaingia mpaka jikoni."

"Mpaka jikoni?"

"Mwaka jana masufuria yalielea," Shangazi akasema.

Takwimu za visiwa Bwana Mabano alizisikia miaka yote hiyo, lakini hakuwahi kuuliza swali la pili. Sasa aliuliza mfululizo: bibi analala wapi maji yakija? Kisima je, bado kinanyweka? Sahani yake ikabaki vilevile. Kisha akaomba radhi, akatoka mgahawani na simu sikioni. Kupitia kioo, Shangazi alimwona akirusha mikono kama anayeongoza magari.

Alirudi kikaoni amechelewa, tai imemkaa upande.

"Tunakubali 'zitachangia,'" alisema. "Tunaomba miaka mitatu ya kujipanga."

Shangazi aliwanong'oneza wenzake. "Mmoja," akasema.

"Miwili, tafadhali. Wakubwa wangu wameshanifokea vya kutosha."

"Miwili. Haya."

"Basi mabano yaondolewe."

Watu wakasimama, wakapiga makofi, wengine wakapanda juu ya viti. Shangazi, huku akijifuta machozi, alimpigia mumewe simu na kumweleza yote kwa pumzi moja.

"Na upande wa bwana harusi watakuja wangapi?" mumewe akauliza.

"Sijui. Ila jiandae, baba yao ana maswali huyo!"