Tone la Maji ya Nyasi

"Nani kawalisha?" Daktari aliuliza bila kuondoa jicho kwenye hadubini.

Mama Chupa, muosha vyombo wa maabara, alikuwa na mikono ndani ya beseni. Alimjua vizuri sana aliyewalisha. Juzi alichungulia, akawaona wale vijidudu wa seli moja wamekonda, wanajikokota, roho ikamuuma. Akawadondoshea maji ya nyasi zilizochemshwa, chakula chao. Aliyelea watoto watano peke yake haoni kiumbe analala njaa akanyamaza.

"Ni mimi, Daktari. Huruma imeniponza."

Daktari alishusha pumzi, kisha akamweleza. Ukoo huu ulikuwa umezeeka. Umejigawa na kujigawa mpaka nguvu zimeisha. Wasipokutana wiki hii na wale wa aina ya pili, waliofugwa kwenye chombo kingine, watakufa wote, na kazi ya miaka sita itakwenda na maji. Na kijidudu akishiba hana haja na mwenzake. Njaa ndiyo mshenga wao.

"Basi nifukuze, mwanangu. Nimestahili."

"Nikikufukuza, nani ataniokolea hawa? Kosa moja haliachi mke, mama. Nataka vyombo visivyo na hata harufu ya sabuni, maana sabuni inawaua."

Kwenye kuosha, Mama Chupa alikuwa nyumbani. Alisuuza kila chombo cha kioo mara kumi, akakinusa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakisuuza tena. Daktari akawahamisha vijidudu kutoka maji safi hadi maji safi, mara tatu, ili shibe yote ibaki nyuma. Wakasubiri njaa irudi. Ndipo Daktari akazichanganya zile aina mbili.

Kesho yake mchana Daktari alimwita Mama Chupa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Akachungulia. Vijidudu walikuwa wameshikamana wawili wawili, mdomo kwa mdomo, wakiogelea pamoja.

"Watazaa?"

"Hapana. Kila mmoja anampa mwenzake sehemu ya kiini chake, basi. Wakiachana, wote wawili ni wapya." Akamgeukia. "Asante, mama. Bila mikono yako ningekuwa nalia saa hizi."

"Asante wewe," alisema, na machozi yakamlengalenga yeye. Alishukuru kwa moyo wote kwamba hakufukuzwa.

Alipofuta jicho na kuinama tena kwenye hadubini, jozi moja ilikuwa inaachana. Mmoja alijizungusha taratibu, mara mbili, akashika njia. Mwenzake akabaki kidogo pale pale, kisha naye akaondoka.