Kichwa Kilichokataa Chanuo

Chanuo lilipomgusa panjani, mama aliudaka mkono wa binti yake akausukuma kando. Akasema leo amevutwa nywele kweli kweli. Binti akacheka. Yeye ni msusi, tena mwenye mkono mwepesi. Wanawake husinzia kitini kwake huku wakisukwa, na leo mzazi wake mwenyewe anamlalamikia! Akamtania kwamba ameanza kudeka, kisha akaifumua mistari yote akaisuka upya, milegevu hata mwenyewe akaionea haya.

Maumivu hayakuondoka. Mama akawa anatafuna matonge mawili matatu, anapumzisha taya, kisha anaisukuma sahani. Msusi akalitupia lawama gego bovu. Kichwani akampaka mafuta ya uvuguvugu, akaapa kutomsuka tena mpaka ngozi itulie. Moyoni alijisuta: msusi mzima, kumwumiza mama yake! Laiti kosa lingekuwa la mikono yake tu.

Siku moja mama aliamka akaomba wamwondolee pazia upande wa kushoto. Pazia halikuwapo.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mpole. Alimbonyeza mama panjani kwa kidole kimoja, akauliza kama huumia akichanwa, kama taya huchoka akila. Msusi ndiye aliyejibu yote, harakaharaka, akifurahi kwamba ana majibu, mpaka alipouona uso wa daktari. Akaelezwa kwamba mishipa inayopeleka damu kichwani na machoni imevimba. Ni ugonjwa adimu, lakini hubisha hodi kwanza, na hodi zake ndizo hizo alizozitaja.

"Jicho la kushoto halitarudi," daktari alisema. "Dawa hizi ni za kulipigania la kulia."

"Na ningemleta siku ile ya kwanza?"

"Tungekuwa na macho mawili ya kupigania."

Walirudi nyumbani wameshikana mikono. Tangu hapo msusi hakuwa na la kufanya ila kumpa mama vidonge na kungoja. Mikono iliyozoea kutengeneza kila kichwa kinachoketi mbele yake ilibaki mapajani. Aliogopa kumwuliza anaonaje, na aliogopa kutomwuliza.

Asubuhi moja aliingia na chai, akamkuta mama amelala chali, macho kayafumba, vidole vinachezea shuka.

"Mama, umeamka?"

"Kitambo."

"Mbona hufumbui macho?"

"Naogopa, mwanangu."

Msusi akaweka kikombe chini, akakaa ukingoni mwa kitanda. Jua lilikwisha kupanda na chumba kizima kilikuwa cheupe.

"Basi usifumbue kwanza," alisema, naye akayafumba yake.