Chipu Ndani ya Kilemba

Shemeji alizungusha ufunguo kwa mara nyingine. Gari likakohoa, likazima. Taa nyekundu kwenye dashibodi ikawa inakonyeza.

"Umelifanya nini gari la kaka yangu?"

Kimya, jina walilombandika mke wa marehemu kaka yake tangu aolewe, alikuwa amesimama nyuma ya gari na trei ya mikate mikononi. Watoto wake wawili walishakaa kiti cha nyuma na sare za shule. Gari hilo ndilo lililosambaza mikate yake madukani. Likichukuliwa, hakujua angewalisha nini. Mumewe alizikwa juzijuzi tu, na tayari shemeji alishachongesha ufunguo wake wa chinichini.

"Nakuuliza wewe!"

"Nimesikia, shemeji."

"Amesikia! Ulimi anao, ila anautunza kama vyombo vya wageni."

Mama mkwe, aliyekaa barazani, akachekea puani. "Achana naye. Washa, twende zetu."

Shemeji akaukaza ufunguo kwa hasira. Tak! Nusu ikabaki mkononi, nusu ndani ya swichi.

Fundi funguo akaitwa. Akakivuta kipande kwa koleo jembamba, akaguna. "Hata usingeuvunja, lisingewaka. Gari halioni chipu. Ile ndogo kama punje ya mchele, inayoruhusu gari kuwaka."

"Chipu ipo! Ganda la ufunguo wa zamani lilipopasuka, mimi na kaka tuliigandisha hapa chini ya usukani, ili ufunguo wowote wa kuchonga uwashe."

Fundi akafungua kifuniko cha plastiki. Gundi ilikuwepo. Chipu haikuwepo.

Wote wakamgeukia Kimya.

"Mwizi!" mama mkwe akafoka. "Uliingia humu na begi moja, leo unaficha mali ya mwanangu?"

Shemeji akampokonya mkoba, akaumwaga chini. Akapekua leso, akapekua kitana, kisha akaingiza mikono kwenye trei na kuipindua mikate. Mmoja ukaanguka mchangani. Kimya akautazama. Alikuwa ameukanda mwenyewe, wao wakiwa bado wanakoroma.

"Toa chipu, au leo hulali humu ndani."

"Na nikiitoa," Kimya akauliza taratibu, "nitalala?"

Shemeji akatazama pembeni. Mama mkwe akajifanya anatengeneza upande wa kanga yake.

Kimya akaiweka trei garini, akafunga mlango wa nyuma. Shemeji alikuwa ameinama tena, akipekua vitu vilivyotapakaa mchangani. Kimya akazunguka hadi mbele.

"Fundi, umemaliza hapo?"

"Mimi nimeitiwa swichi, mama. Ugomvi wenu siujui," fundi akajibu, akajisogeza kando na mkoba wake wa vifaa.

Kimya akaketi kwenye usukani, akafunga mlango kwa kitasa. Akafungua pindo la kilemba chake, akaibandika chipu penye gundi, akavuta ufunguo wake uliokuwa shingoni kwa kamba. Gari likawaka mara moja.

"Fungua!" Shemeji alikuwa akipiga kioo kwa kiganja. "Fungua, we mchawi!"

"Ukitoka, usirudi!" mama mkwe akapaza sauti.

Kimya akaliondoa polepole, asimkanyage mtu. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma akamwona shemeji akivuta geti, akilifunga kwa kufuli jipya ambalo Kimya hakuwahi kupewa ufunguo wake.

"Mama, jioni tutaingiaje?" mtoto mkubwa akauliza.

Kimya akageuza usukani kuelekea barabarani. Akabadilisha gia.

"Tunaanza na duka la pale kona," akasema. "Wanasubiri mikate."