Kibali cha Shemeji

Kazini walimwita Komeo, naye aliitika. Jina alipewa na mhasibu wa hospitali, siku alipomnyima neno la siri la mtandao mpaka aeleze analitakia nini. Tangu hapo likamganda. "Ukitaka kijiko cha pili cha sukari kwa Komeo," wenzake walisema, "andika maombi." Alicheka nao. Alijua kazi yake haikuwa ya kumpatia marafiki.

Hospitali ile ilihifadhi mafaili ya wagonjwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, zinazofikiwa kwa mtandao. Kila faili lilisimbwa: mwizi akilipata, anaona herufi zilizovurugika tu kama mchele uliomwagika. Cha kuzirudisha kuwa maneno ni ufunguo, na funguo zote zilikuwa chini ya Komeo. Ufunguo wenyewe haukutoka mahali pake kwenda kwa mtu. Alichoweza kutoa ni kibali cha muda: fulani anaruhusiwa kuutumia ufunguo huu, kwa mafaili haya, kwa kazi hii, basi. Tena vibali vile havikuwa vinakufa vyenyewe. Kazi ikiisha, lazima mtu avifute.

Hospitali ilipoamua kuhamia mfumo mpya, ilikodi kampuni ya kuhamisha mafaili, na fundi aliyeletwa akawa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Alikuwa mtu wa watu. Kwenye msiba ndiye anayebeba viti, kwenye harusi ndiye anayechekesha wazee. Mama yao alimwita mkwe wangu wa dhahabu, na mbele ya wageni alikuwa akimsifu kuliko alivyowasifu mabinti zake.

Komeo alimpa kibali chembamba, cha kufunga mafaili upya bila kuyasoma. "Kuhamisha sanduku hakuhitaji kulifungua, shemeji," alimwambia. Lakini baada ya siku chache picha za zamani za eksirei ziligoma kupita, na fundi, badala ya kuja kwake, akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Komeo akaitwa.

"Mpe ruhusa ya kufungua," mkurugenzi alisema kabla hajaketi.

"Sawa, bosi. Zilizokwama ni eksirei. Nitampa ya eksirei."

"Mpe zote. Kesho yatakwama mengine, uanze tena kutupigia darasa."

"Humo kuna mafaili ya ushauri nasaha. Watu wametoa ya moyoni mle, bosi, mambo ambayo hata..."

"Kwani unadhani fundi ana muda wa kusoma vilio vya watu?"

Shemeji, aliyekuwa ameegemea dirisha, akacheka. "Shemeji, mimi nikiona maandishi marefu nasinzia. Muulize mdogo wako."

Mkurugenzi naye akacheka. Komeo akatoa kibali huku amekunja uso, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kazi ikiisha atakifuta siku hiyohiyo.

Kazi iliisha. Alipotaka kukifuta, mkurugenzi akamwambia angoje, huenda kukawa na marekebisho. Akangoja. Akauliza tena, akajibiwa kwa mzaha: "Komeo, huyu si ndugu yako? Ukimkataa ndugu, utamwamini nani?" Walikuwa mbele ya watu, na watu walicheka. Akaliacha jambo lile. Uwezo wa kukifuta alikuwa nao vidoleni, lakini aliliacha.

Mdogo wake aliingia ofisini mwake asubuhi moja bila kupiga hodi. Hakuwa amewahi kufika pale, au ndivyo Komeo alivyodhani. Alikuwa amevaa blauzi nje ndani, na macho yake yalikuwa makavu kama ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza.

"Dada, nani anaweza kusoma mafaili ya ushauri?"

"Mshauri. Kwa nini? Kaa basi, umekuja na..."

"Nani mwingine?"

Komeo akamsogezea kiti. Mdogo wake akaendelea kusimama, mikono imeshika ukingo wa meza.

"Asubuhi namwekea chai. Ananiangalia, anatabasamu lile tabasamu lake la harusini. Ananiambia, 'Kumbe nikisafiri ndipo unapumua? Basi sisafiri tena. Tuone utakavyokata roho.' Maneno hayo nimeyasema mara moja tu tangu nizaliwe, dada. Akisafiri ndipo napumua. Nimemwambia mtu mmoja tu, kwenye kile chumba cha mwisho cha korido yenu."

"Unakuja hapa? Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie, umwambie mama? Mama aniambie nimshukuru Mungu kwa mume mcheshi?" Sauti ikapanda. "Kliniki ziko tele mjini. Nilikuja hapa kwa sababu mwenye funguo ni wewe! Nilijisemea, pale yupo dada, pale hapavuji."

Komeo akageukia kompyuta, akaangalia ufunguo wa mafaili ya ushauri umetumiwa na nani. Kibali cha shemeji kilikuwa hai, kinakula na kunywa. Kilikuwa kimefungua faili la mdogo wake, kikalirudia, kikalirudia tena. Halafu aliona mengine, faili la mke wa jirani yao, la mwalimu wa kwaya, la kijana mmoja aliyefanya kazi na shemeji na ambaye majuzi aliacha kazi ghafla bila kusema sababu. Yule mtu aliyesinzia kwa maandishi marefu alikuwa amesoma kwelikweli.

Hakumpigia simu mkurugenzi. Alibonyeza mara moja, kibali kikafutika. Alitamani kuuvunja ule mlango, zile kuta, na ule mzaha aliouacha upite kwa sababu watu walicheka.

Haikuchukua muda, mkurugenzi akaja mwenyewe, na nyuma yake shemeji, begi begani.

"Nani amemfungia fundi katikati ya marekebisho?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya wenye mafaili."

Shemeji alimwona mkewe akiwa kando ya kabati. Tabasamu likapungua, likarudi. "Ah, kumbe ni mambo ya nyumbani. Bosi, samahani, haya tutayamaliza wenyewe. Mke wangu huyu. Siri yake ni siri yangu."

"Na mke wa jirani?" Komeo aliuliza. "Naye ni wako?"

Mkurugenzi akamtazama fundi, kisha akautazama mlango, akausukuma kwa kisigino ukajifunga.

"Na mwalimu wa kwaya je? Na yule kijana wa kazini kwako, ulimwambia nini mpaka akakimbia? Sema, si wewe mchekeshaji! Tuchekeshe!"

"Punguza sauti," mkurugenzi alisema. "Tuyazungumze kifamilia. Yakitoka hapa, hospitali inafungwa, na wewe huna kazi."

"Kifamilia! Hao wengine ni familia ya nani?"

Shemeji aliacha kutabasamu. Alisema polepole, kama mtu anayeweka jiwe mezani: "Sikuvunja mlango, shemeji. Ulinifungulia wewe. Kibali kina jina lako."

Aliyejibu ni mdogo wake. Alitoka kando ya kabati, akampita dada yake, akasimama mbele ya mumewe karibu sana.

"Kweli, alikufungulia," alisema. "Hilo ni langu na yeye, nitalimaliza naye. Lakini aliyeingia ni wewe. Ukanisoma, ukanywa chai yangu, ukanitazama usoni kila siku. Nyumbani sirudi. Na ukinifuata kwa mama, nitakusoma wewe kwa sauti mbele ya wazee unaowachekesha."

Akatoka. Alipompita Komeo hakumgusa wala hakumtazama.

Siku ile Komeo alianza kuwapigia simu waliosomwa, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia kilichotokea na nani alikitoa kibali. Mkurugenzi alipojua, alimsimamisha kazi kwa kutoa siri za hospitali. Neno lile lilimfanya acheke kwa hasira mpaka mlinzi wa getini akamuuliza kama yu mzima. Aliendelea kupiga simu akiwa kwake. Wengine walimtukana, akapokea. Mwalimu wa kwaya alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Mungu akusamehe, mimi bado," akakata.

Lakini ndio haohao waliofurika mapokezi wiki ile, wamekunja uso, wakitaka kuonana na wenye hospitali na si wengine. Mke wa jirani alikuja na mumewe, na mume ndiye aliyefoka zaidi. Wakaenda polisi kwa pamoja. Kampuni ilimfukuza shemeji, kesi ikafunguliwa, na mkurugenzi akapelekwa likizo, asirudi tena.

Wenye hospitali walimwomba Komeo arejee. Alirudi kwa masharti: kila kibali kifutwe kazi inapoisha bila kuuliza mtu, na hakuna bosi atakayeamuru ufunguo wa ushauri akiwa peke yake, mpaka mshauri naye akubali. Waliona anajivuna. Wakakubali.

Mdogo wake alihamia kwa mama. Mwanzoni mama alimlaumu kwa kuanika aibu. Hapo binti akamwambia yale aliyokuwa amemwambia mshauri, yote, jikoni, sahani zikiwa hazijaoshwa. Tangu siku ile jina la mkwe wa dhahabu halikutajwa tena katika nyumba ile.

Kwa Komeo, mdogo wake hakupiga simu kwa miezi. Komeo akienda kwa mama, aliambiwa mdogo wake ametoka. Alijua hakuwa ametoka, maana viatu vyake vilikuwa mlangoni. Alikaa sebuleni, akanywa maji, akaondoka. Hakumkasirikia. Hasira aliyokuwa nayo alikuwa ameielekeza kwake mwenyewe, nayo ilimtosha.

Kisha mchana mmoja simu ikaita.

"Nimepata mshauri mwingine," mdogo wake alisema bila salamu. "Yuko mbali na kwenu. Sikwambii wapi."

"Usiniambie."

"Sikwambii hata jina lake."

"Usiniambie, mdogo wangu."

Halafu yule mdogo akauliza kama Jumapili atakuja kwa mama, kwa sababu bomba la jikoni linavuja na hataki fundi mwingine aliguse ila dada yake.